Majibu Niliyomfundisha Binti Yangu

Nyumbani kwetu mgeni akishakaa kitako, kabla kahawa haijafika, mtoto huitwa. Ndivyo nilivyoitwa mimi, ndivyo alivyoitwa baba yangu, na sijui nani alianza. Mtoto anatoka chumbani amepakwa mafuta usoni, anatoa shikamoo, anataja jina na umri wake, kisha anasoma sura moja fupi ya Qur-ani, wageni wameinamisha vichwa. Akimaliza husifiwa, hupewa kitumbua, akaondoka. Mtoto aliyefanya yote hayo bila kukwama ni mtoto aliyelelewa. Akikwama, wazazi wake husema ana usingizi.

Binti yangu hakukwama hata siku moja. Alikuwa na miaka minne tu, anazisoma sura fupi moja baada ya nyingine, kila herufi mahali pake, mpaka mama yangu, ambaye anakaa nasi, anafuta machozi kwa ncha ya kanga. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtoto huyo huyo hajawahi kusema anataka maji. Akishikwa na kiu alikuwa akiukamata mkono wangu kwenye kiwiko na kuupeleka mpaka kwenye jagi, kama mtu anayetumia upawa. Nililiandika hilo katika makala yangu moja ya gazetini, nikalifanya kichekesho. Watu walilipenda sana.

Mke wangu hakucheka. Yeye anafanya kazi maabara, na watu wa maabara hawaamini kitu mpaka kiwekwe chini ya kioo. Alimpeleka mtoto hospitali, akarudi na neno moja, usonji, na maelezo marefu ambayo aliyasoma kwa sauti sebuleni tukiwa watatu. Mama yangu alisema mtoto ana haya tu, kama mimi nilivyokuwa na haya. Mimi nilisema nitasoma zaidi kuhusu jambo hilo. Ni jibu langu la kawaida. Nimesoma chuo kikuu, kwa hivyo nikiogopa kitu huwa naenda kukisomea.

Alipokaribia kuingia darasa la kwanza, ikatubidi tufanye kitu. Skuli ya serikali iliyo karibu nasi hapa Mji Mkongwe ilikuwa tayari kumpokea, na palikuwa na uwezekano wa kupata mwalimu msaidizi wa kukaa naye darasani asubuhi. Lakini kwanza mtoto apimwe na mtaalamu wa elimu mjumuisho, atoe karatasi inayosema mtoto huyu anahitaji nini. Bila karatasi hiyo angekuwa mtoto kama wengine, katika darasa lenye watoto wengi kuliko nafasi kwenye madawati. Hilo nililielewa vizuri. Nataka liandikwe hapa kwamba nililielewa.

Sasa, kwetu mtu haendi ofisini kama hana mtu ofisini. Nimeandika makala mbili za kuipinga tabia hiyo, kwa ukali. Nikamtafuta jamaa mmoja tuliyesoma pamoja, anayefanya kazi katika ofisi ya hao wapimaji.

"Yakhe, ile fomu ya kupimia watoto unayo?"

"Ya nini?"

"Nnataka niione tu."

"Wewe na kuona," akasema. Siku ya pili akaniletea barazani, ameikunja ndani ya gazeti kama mtu anayeleta samaki.

Nilijiambia naitaka ili mtoto asije akaogopa. Asiyewahi kuingia chumba cha mtu mgeni akaulizwa maswali lazima ataogopa, kwa hiyo azoeshwe. Tukaanza. Kila siku baada ya sala ya alasiri tulikaa sebuleni, mimi na fomu, na mama yangu mbele ya mtoto, amevaa buibui na miwani ili afanane na mtu wa ofisi. Jina lako nani? Hapa pana vikombe vingapi? Huyu kwenye picha anafanya nini? Ukiumia unamwambia nani? Mama yangu aliuliza kwa sauti nene ambayo sikujua kama anayo, na nadhani alifurahi kuliko sisi sote. Binti yangu alihitaji siku nne. Siku ya tano alikuwa anajibu kwa mpangilio bila kuangalia vikombe wala picha, huku anazungusha kifuniko cha chupa sakafuni.

Mke wangu alirudi kutoka kazini mapema siku moja akatukuta.

"Mnafanya nini?"

"Namzoesha," nikasema.

"Unamzoesha nini?"

"Asije akatishika siku hiyo."

Akaichukua fomu, akaisoma yote amesimama, mkoba bado uko begani.

"Imetoka wapi hii?"

Nikamwambia.

"Sasa akijibu yote haya, huyo mpimaji ataandika nini?"

Mama yangu akavua miwani. "Ataandika mtoto mzima. Kwani ulitaka aandike nini, mwanangu?"

Mke wangu hamjibu mama yangu. Hajawahi kumjibu tangu siku ya harusi, na heshima hiyo imetusaidia kuishi nyumba moja. Alinitazama mimi, akangoja. Zamu ilikuwa yangu ya kusema. Ningesema maneno mawili tu, kwamba mama anakosea, na mambo yangekwisha pale pale, na mama yangu angenuna mpaka Ijumaa. Nikasema chai ipo kwenye chupa.

Siku ya kupimwa mke wangu alikuwa zamu. Nilimpeleka mtoto mimi. Mpimaji alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na foleni ya wazazi nje ilikuwa imefika kwenye ngazi. Chumba kilikuwa na feni, meza fupi na vikombe vya plastiki. Binti yangu akaingia, akatoa shikamoo kabla hajaombwa, akajibu kila kitu. Alipofikia swali la mwisho yule mama hakuwahi hata kulimaliza.

"Ukiumia, unamwambia na..."

"Namwambia mama."

Mapema mwaka ule ule mtoto huyu alikuja kutoka chuoni, kwenye masomo yake ya Qur-ani, na kipande cha chupa ndani ya unyayo. Hakumwambia mtu. Tulijua kwa alama za damu kwenye ngazi, moja kila kidaraja, mpaka mlangoni kwetu. Nilikuwa naliona tukio hilo mbele ya macho yangu alipokuwa anajibu. Yule mama akaandika, akaniuliza kama nina la kuongeza.

"Alhamdulillahi," nikasema. Si jibu, lakini kwetu linapokelewa kama jibu.

Karatasi ilisema hahitaji msaada wa ziada darasani. Nilitembea kutoka pale mpaka Darajani nimemshika mtoto mkono, na nakiri kwamba nilikuwa na furaha. Sikuwa nimejidanganya kwa bahati mbaya. Miaka yote ile nilikuwa nangoja mtu mwenye mhuri aniambie kwamba binti yangu hana kitu, na nilikuwa nimempata, kwa sababu nilimwandikia mimi mwenyewe cha kusema. Wazazi wengine huiba mitihani watoto wao wapate nafasi. Mimi niliiba ili wangu aikose.

Jioni mke wangu aliisoma karatasi, akaikunja, akaitia kwenye bahasha ya skuli. "Hongera," akasema. Hakuniambia tena neno juu ya jambo hilo kwa muda wa wiki nyingi, na mimi, mtu anayeishi kwa maneno, niliuchukulia ukimya wake kuwa ni kukubali.

Wiki mbili za kwanza hazikuwa na habari. Ya tatu tukaanza kupokea ujumbe. Mtoto anaziba masikio kengele ikilia na hataki kuyazibua. Mtoto anaingia chini ya dawati. Mtoto anarudia maneno ya mwalimu na wenzake wanacheka. Kisha mtoto amechukua kifutio cha ubao kwenye meza ya mwalimu, amekirusha. Kisha amekirusha tena. Niliitwa.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwenye adabu nyingi, wa aina ile inayokuonya kwa kukukaribisha kiti. Akaifungua faili mbele yangu.

"Maalim," akaniambia, maana huku mtu akiandika magazetini huitwa maalim hata kama hajafundisha mtu, "hapa nina karatasi ya wataalamu. Mtoto hana tatizo. Sasa kama hana tatizo, hili ni jambo la malezi. Utaniwia radhi."

"Naam," nikasema.

"Mwalimu wake anajitahidi. Akirusha kitu anamtoa nje, anasimama uso ukutani mpaka atulie. Hatumpigi."

"Ahsante," nikasema. Nilimshukuru.

Nilipotoka nikapita mbele ya darasa lao. Alikuwa pale, amesimama peke yake kwenye baraza, ushungi mweupe umemwendea upande, paji la uso karibu ligusane na chokaa. Nilidhani nitamkuta analia. Alikuwa ametulia kabisa. Mikono imeshuka, haizibi masikio. Nyuma yake darasa zima linaimba hesabu kwa sauti ya kuvunja mabati, na yeye, uso ukutani, anavuta pumzi polepole kama mtu aliyefika kwake.

Nikaelewa, nikiwa nimesimama na barua ya mwalimu mkuu mkononi. Hakuwa na hasira na kifutio. Alikuwa amegundua kwamba katika skuli nzima pahala pa kimya ni pale tu, na kwamba nauli ya kufika ni kifutio kimoja. Hakuna aliyemfundisha namna nyingine ya kuomba kutoka. Angepata mtu wa kumfundisha, kama si majibu yangu.

Usiku ule sikuweza kumweleza mke wangu vizuri, nikamweleza vibaya. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilimwona wiki iliyopita," akasema. "Nilipita kumpelekea chakula."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka uone mwenyewe. Ungeniambia nakuza mambo."

Asubuhi nilifanya kile ninachojua. Nilimpigia simu yule jamaa wa ofisini. Akacheka, akasema jambo dogo, karatasi itabadilishwa, kuna mtu anaandika upya, nisijisumbue kwenda. Ikawa rahisi mno. Mke wangu alikuwa anafunga viatu vya mtoto sakafuni, anaisikia sauti ya simu.

"Sasa hii ya pili nayo itasema alipimwa?" akauliza bila kuinua kichwa.

Mama yangu alikuwa jikoni. Mlango ulikuwa wazi, na alikuwa akisikia yote.

Nikamwambia jamaa aache. Nikaenda mwenyewe, bila mtu, nikakaa kwenye foleni ya ngazi pamoja na wazazi wengine, kwa mara ya kwanza maishani nadhani. Mbele yangu alikuwa mama mmoja kutoka Kizimkazi aliyetoka kwao alfajiri na mtoto mgongoni aliyekuwa mkubwa kiasi cha miguu kugusa magoti yake. Tulizungumza. Aliniuliza mimi nimekuja na mtoto gani, nikasema mimi nimekuja peke yangu, nina kosa la kusahihisha. Akadhani nazungumzia tahajia ya jina, akaniambia hao husahihisha haraka.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nilipoingia nikaona vile vikombe vya plastiki na hotuba ikaniruka.

"Yule binti yangu, nilimfundisha majibu," nikasema. "Fomu niliipata kabla."

Yule mama alivaa miwani akanitazama. Nilingoja ashtuke. Nadhani nilitaka ashtuke.

"Si wewe wa kwanza," akasema. "Wiki hii wewe ni wa pili."

Hata katika dhambi sikupata kuwa wa peke yangu. Akalitafuta faili, akanionesha pembeni mwa jibu la mwisho alama ndogo ya kuuliza kwa penseli.

"Alinijibu sijamaliza kuuliza. Nikaandika hii. Halafu nikatazama foleni, nikaita anayefuata." Akaifunga faili. "Hilo langu. Lako nenda kaliandike. Niandikie siku moja ya mtoto, kuanzia anapoamka. Anachoweza na asichoweza. Maswali haya hayafai tena, ameshayahifadhi. Nitakwenda kumtazama darasani."

Nilirudi nyumbani nikaandika kurasa tatu. Nilizifanyia kazi kwa siku mbili. Palikuwa na nuru ya asubuhi kwenye dirisha la mbao, palikuwa na ukimya wa mtoto unaofananishwa na mambo manne tofauti. Nikazipeleka. Alisoma ukurasa wa kwanza na nusu ya wa pili.

"Unaandika vizuri," akasema. "Mtoto yuko wapi?"

Nikampa mke wangu kalamu. Aliandika mezani, sahani za chakula cha mchana hazijaondolewa, kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Ilikuwa upande mmoja tu. Hawezi kuvumilia kengele, lakini akiambiwa kabla anaweza. Anakula wali mweupe, mchuzi ukigusa hali tena mpaka kesho. Hasemi akitaka haja, anasimama mguu mmoja. Akishikwa ghafla kwa nyuma anauma. Kwa bibi yake mzaa mama, Mangapwani, anatulia, kwa sababu hakuna pikipiki na hakuna anayemwita mbele ya wageni. Akiumia hamwambii mtu. Mstari huo wa mwisho aliupigia mstari chini, akanisogezea karatasi nisome. Nilisoma mambo mawili ambayo sikuwa nayajua, na mtoto analala chumba cha pili.

Mpimaji alikwenda skuli asubuhi mbili. Ya pili tukaitwa sote ofisini kwa mwalimu mkuu: mimi, mke wangu, mpimaji, na mwalimu wa darasa, msichana ambaye nadhani alikuwa katika mwaka wake wa kwanza au wa pili kazini. Karatasi mpya ilikuwa mezani. Mwalimu msaidizi atakuja asubuhi nne kwa wiki. Mtoto atakaa karibu na mlango. Ataoneshwa kwa picha kinachofuata, na ataambiwa kabla kengele haijapigwa. Na atapewa kadi ya rangi ya manjano: akiiweka mezani kwa mwalimu, anatoka barazani, hakuna anayemuuliza, hakuna adhabu. Barazani patawekwa kiti.

Mwalimu mkuu alisoma, akasema ofisi ilikosea mwanzo, makosa hutokea. Mpimaji akanitazama mimi. Alikuwa ananipa nafasi, na safari hii niliiona.

"Ofisi haikukosea," nikasema. "Nilimfundisha majibu mimi."

Yule mwalimu mdogo akageuka.

"Ulijua, baba?"

"Nilijua."

"Mie nilikuwa nikimtoa nje kila siku. Nikisema mtoto hana kitu, ananidharau. Nilikuwa nikirudi nyumbani namwambia mama yangu, kuna mtoto ananidharau." Akaitazama karatasi mpya. "Nilimsimamisha ukutani mwezi mzima."

"Najua. Nisamehe."

"Nnasikia," akasema. Hakusema amenisamehe. Mke wangu akamshika mkono, na wote wawili wakaanza kuzungumza juu ya kadi, ikae wapi, isiwe ndogo ikapotea, itobolewe ifungwe kwenye begi, na hakuna aliyenihitaji tena katika mazungumzo hayo.

Kadi hakuitumia siku za mwanzo. Alishajua njia yake, na njia ilikuwa kifutio. Msaidizi akawa anamtangulia: akiona mabega yanapanda, anauweka mkono wa mtoto juu ya kadi, kadi juu ya meza, kisha wanatoka pamoja. Kila siku, mara nyingi kwa siku. Mwalimu wa darasa alikificha kifutio ndani ya mkoba wake, akawa anafuta ubao kwa kitambaa. Kila mchana alimwandikia mke wangu ujumbe mfupi, na mke wangu alinisomea. Mimi hakuniandikia.

Wiki iliyopita ujumbe ulisema ameiweka kadi mwenyewe. Mara mbili, bila kushikwa mkono. Mama yangu aliposikia alisema apikiwe kitu, na akampikia wali mweupe, mtupu, ingawa kwa muda mrefu alikuwa akisema chakula hicho ni cha wagonjwa.

Juzi nilimpelekea chupa yake ya maji aliyoisahau, nikasimama kwenye uwazi wa lango. Masomo yalikuwa yanaendelea. Nikamwona anatoka darasani peke yake. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyecheka. Kiti kilikuwa pale, cha mbao, kifupi, wamekipaka rangi ya buluu kwa ajili yake. Akakipita. Akaenda mpaka pale pale, akaukabili ukuta, akashusha mikono.

Msaidizi alitoka akasimama mlangoni. Aliniona, akanipungia mkono nisiingie.

"Kiti bado," akaniambia baadaye, alipokuja kuchukua chupa. "Nimekaa mimi juu yake, nimemwonesha. Hakitaki. Anadhani ukitoka ndio unasimama vile."

"Atachukua muda gani?"

"Sijui, baba. Nani alimzoesha?"

Nikampa chupa. Nikamwambia ni mimi.